Uzito si Idadi: Namna ya Kujua Kilichomo Katika Mchanganyiko



Mizani tunaijua sote. Mchumaji wa chai hupimiwa majani yake kwa kilo, mvuvi huuza kwa kilo, na mpagazi hubeba gunia la kilo hamsini. Katika mambo ya malipo kilo ni kipimo cha haki, na yatupasa tuilinde mizani isichezewe. Lakini ziko kazi ambazo mizani peke yake haitoshi, na ziko nyingine ambazo mizani yaweza kumpoteza mtu kabisa. Hizo ni kazi za mchanganyiko: maji na chumvi, hewa na moshi, hewa na gesi itokayo shimoni. Katika mambo hayo swali si "kina uzito gani?" Swali ni "ziko chembe ngapi?"

Makala hii inaeleza kipimo kiitwacho sehemu ya moli. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya, na mtu aliyemaliza shule ya msingi ataiweza. Twende polepole, kwa sababu mwishoni tutaona kwamba hiki ndicho kipimo kinachoonyeshwa na mita za gesi, zile ambazo mfanyakazi hupewa kabla ya kuteremka katika tangi au shimo. Anayeisoma mita bila kujua inahesabu nini anaweza kuambiwa pako salama mahali pasipo salama.

SOMO LAANZIA SOKONI

Kashikishi ni soko la samaki lililo ubavuni mwa mji wa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, Zambia, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na maji hutoka tena kaskazini, hapo Pweto, kwa mto Luvua. Ng'ambo ni Kongo, na Kiswahili cha watu wa Kilwa na Pweto huvuka ziwa pamoja na biashara. Samaki wa hapa huliwa mbali, hadi katika miji ya migodi ya Copperbelt, kwa hiyo lazima wahifadhiwe wasioze njiani. Wale wadogo waitwao chisense, jamaa ya dagaa, huanikwa juani. Wale wakubwa, kama pale ambaye ni jamaa ya perege, huwekwa kwenye barafu, hukaushwa kwa moshi, au hupasuliwa na kutiwa chumvi.

Tuitazame hiyo chumvi. Kwa nini chumvi, wala si sukari? Vyote viwili ni vyeupe, vyote huyeyuka katika maji, na sukari nayo huhifadhi vyakula, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kuona jemu. Tuseme tuna mapipa mawili ya maji yaliyo sawa. Katika moja tunatia kilo kumi za chumvi, katika jingine kilo kumi za sukari. Mizani itasema mapipa hayo ni sawasawa. Lakini samaki wa pipa la chumvi watakaa, na wa pipa la sukari wataharibika upesi. Mizani haikukosea. Ilijibu swali tuliloiuliza, nasi tuliiuliza swali lisilohusu jambo lenyewe.

MISUMARI YA FUNDI WA BOTI

Mfano mwepesi ni misumari. Fundi anayeunda boti ya mbao akienda dukani hupimiwa misumari kwa kilo. Kilo moja ya misumari ya inchi moja ina misumari mingi mno. Kilo moja ya misumari ya inchi sita ina michache. Uzito ni ule ule, lakini kila ubao unataka idadi fulani ya misumari, na fundi asiyejua kilo moja ina misumari mingapi atarudi dukani kazi ikiwa nusu.

Chumvi na sukari ni vivyo hivyo. Chembe ya sukari ni kubwa na nzito, kama msumari wa inchi sita. Chembe ya chumvi ni ndogo na nyepesi, kama msumari wa inchi moja. Tena chumvi ikiingia majini, kila chembe yake hugawanyika vipande viwili, kimoja cha sodiamu na kimoja cha klorini. Kwa hiyo katika kilo ile ile, chumvi huleta wafanyakazi wengi, na sukari huleta wachache.

MOLI NI NINI?

Chembe hizi ni ndogo kiasi kwamba hakuna awezaye kuzihesabu moja moja. Wataalamu wakafanya kama mwenye duka la misumari: wanapima uzito, kisha wanaugeuza kuwa idadi. Fungu wanalohesabia ndilo huitwa moli. Kama vile dazeni ni vitu 12, moli moja ni chembe 602 ikifuatiwa na sufuri 21, kwa kukadiria. Mwaka 1971 moli iliingizwa katika orodha ya vipimo vya msingi vya kimataifa, pamoja na mita, kilo na sekunde. Tangu Mei 2019 idadi yake imewekwa kwa hesabu kamili isiyobadilika.

Jambo la kukumbuka ni kwamba moli moja ya kila kitu ina idadi ile ile ya chembe, lakini uzito wake hutofautiana:

Maji: moli moja ni gramu 18.
Chumvi ya kula: moli moja ni gramu 58.5.
Sukari: moli moja ni gramu 342.
Oksijeni ya hewa: moli moja ni gramu 32.
Kaboni dioksidi: moli moja ni gramu 44.
Amonia: moli moja ni gramu 17.

Ukitaka kujua una moli ngapi, chukua uzito kwa gramu, ugawanye kwa namba hiyo. Gramu 36 za maji zikigawanywa kwa 18 ni moli 2. Hapo ndipo ugumu wote unapokwisha.

SEHEMU YA MOLI

Sasa tuseme katika karakana moja wapo wafanyakazi 100, na 18 kati yao ni mafundi umeme. Tunasema mafundi umeme ni 18 katika 100, yaani 0.18 ya wote. Hatukuuliza kila mmoja ana uzito gani, tumehesabu watu. Sehemu ya moli ni hesabu hiyo hiyo. Chukua moli za kitu kimoja, ugawanye kwa moli za vitu vyote vilivyomo katika mchanganyiko. Jibu ni namba kati ya 0 na 1. Ukipenda, zidisha kwa 100 upate "katika mia".

Kipimo hiki kina tabia mbili za kushika. Ya kwanza, hakina gramu wala lita nyuma yake. Ni fungu tupu. Ya pili, sehemu zote zilizomo zikijumlishwa lazima zipate 1. Maana yake, kimoja kikipungua, kingine kimeongezeka. Tabia hii ya pili itatusaidia sana tutakapofika kwenye mashimo na matangi.

Turudi kwenye mapipa yetu, tuyafanyie hesabu kwa kiasi kidogo. Tuna maji gramu 100 na chumvi gramu 36, ambayo ndiyo karibu yote yanayoweza kuyeyuka katika maji hayo.

Maji: 100 kugawa kwa 18 ni moli 5.56.
Chumvi: 36 kugawa kwa 58.5 ni moli 0.615. Kila moja hugawanyika vipande viwili, basi ni moli 1.23.
Jumla: 5.56 na 1.23 ni 6.79.
Sehemu ya moli ya maji: 5.56 kugawa kwa 6.79 ni 0.82.

Yaani katika kila chembe 100 za mchanganyiko huo, 82 ni maji na 18 ni vipande vya chumvi. Sasa sukari, gramu zile zile 36:

Sukari: 36 kugawa kwa 342 ni moli 0.105. Sukari haigawanyiki.
Jumla: 5.56 na 0.105 ni 5.665 hivi.
Sehemu ya moli ya maji: 5.56 kugawa kwa 5.665 ni 0.98.

Katika kila chembe 100, 98 bado ni maji, na sukari ni 2 tu. Kwa mizani mapipa ni sawa: kila moja lina 26.5 katika mia ya kitu kilichoyeyushwa. Kwa idadi, pipa la chumvi lina vipande zaidi ya mara 11 ya pipa la sukari. Ili sukari ifikie idadi hiyo, kila gramu 100 za maji zingehitaji sukari gramu 420, na maji ya kawaida yasiyochemshwa hayawezi kuyeyusha zaidi ya gramu 200 hivi. Ndiyo maana jemu hutaka sukari kwa wingi wa kutisha, nasi samaki tunawatia chumvi.

Angalizo moja. Vitabu vingine huihesabu chumvi kabla ya kugawanyika, navyo hupata sehemu ya moli ya chumvi 0.10 badala ya 0.18. Hawakukosea, ila wamehesabu kitu kingine. Kwa hiyo kila mara uliza: umehesabu nini?

IDADI NDIYO ITENDAYO KAZI

Mwaka 1887 mtaalamu wa Kifaransa, François-Marie Raoult, alieleza kanuni yake juu ya mvuke. Aligundua kwamba nguvu ya maji kutoa mvuke hupungua kwa kadiri sehemu ya moli ya maji inavyopungua. Kwa maneno ya kawaida, kila chembe ya kigeni iliyomo ndani huyapunguzia maji uhuru wao, na haijali sana ni nzito au nyepesi. Idadi ndiyo itendayo kazi.

Vijidudu viozeshavyo samaki vinahitaji maji yenye uhuru. Maji matupu tuyape alama 100. Bakteria wengi wa uozo hushindwa kukua uhuru huo ukishuka chini ya 91 hivi. Bakteria mmoja mkaidi, ambaye sumu yake huletea watu kutapika na kuhara, huvumilia hadi 86 hivi. Kuvu wengi husimama karibu na 80. Hesabu yetu ilitupa 82 kwa maji yaliyoshiba chumvi. Vipimo halisi hutoa 75, kwa kuwa vipande vya chumvi vina chaji ya umeme na huyakamata maji kuliko kanuni ya Raoult inavyotabiri. Kanuni hiyo ni ya mchanganyiko mwepesi. Mchanganyiko ukiwa mzito, inakaribia ukweli bila kuugusa. Hata hivyo imetuonyesha njia iliyo sahihi. Sukari ya gramu 36 inaacha 98, na kwa kijidudu hiyo ni karamu.

Mtia chumvi aliyepunja chumvi ili apate faida ya haraka anapaswa kujua namba hizi. Akiacha maji ya ndani ya nyama yabaki na 93 au 94, amewapa samaki ladha ya chumvi bila ulinzi wa chumvi. Na hata aliyetia ya kutosha ajue kwamba wapo vijidudu wapendao chumvi ambao huishi hata kwenye 75. Hao ndio huleta ule wekundu unaoonekana juu ya samaki wa chumvi waliowekwa mahali penye joto na unyevu. Chumvi haitoshi bila kukausha na kuhifadhi vizuri.

HEWA NAYO NI MCHANGANYIKO

Sasa tutoke majini twende hewani, kwa maana hapa kosa la hesabu halioshi samaki tu.

Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro alisema kwamba gesi zote, zikiwa katika joto moja na kanieneo moja, huwa na idadi sawa ya chembe katika ujazo ulio sawa. Debe la oksijeni na debe la kaboni dioksidi yana chembe sawa, ingawa la pili ni zito zaidi. Kwa hiyo katika gesi, anayepima kwa ujazo amehesabu chembe pasipo kujua. Mita ikisema oksijeni ni 20.9 katika mia kwa ujazo, imesema sehemu ya moli ya oksijeni ni 0.209. Ni kitu kimoja.

Tuseme ndugu mmoja amesoma katika kitabu kwamba hewa ina oksijeni 23 katika mia. Anaiona mita inasoma 20.9, anashtuka, anadhani mita imeharibika au oksijeni imepungua. Hakuna kilichoharibika. Kitabu kimepima kwa uzito, na mita imehesabu chembe. Chembe za oksijeni ni nzito kidogo kuliko za naitrojeni, basi kwa uzito zinaonekana nyingi. Hewa safi kavu kwa idadi ni naitrojeni 78, oksijeni 21, argoni karibu 1. Kwa uzito ni 75.5, 23 na 1.3. Hatari ni pale kosa hili linapokwenda upande wa pili, mtu akaona namba mbaya na kudhani ni nzuri.

Kipimo cha idadi kina faida nyingine. Ziwa Mweru liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 900 na zaidi kidogo. Hewa ya Nchelenge ni nyembamba kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi, yaani kila pumzi ina chembe chache zaidi. Lakini fungu la oksijeni ni lile lile, 20.9 katika mia. Kwa hiyo mfanyakazi wa pwani na wa ziwani wanaweza kulinganisha mita zao bila kugombana.

MAZUKU, NA HESABU YA TANO

Watu wa Goma na kando ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, wana neno la Kiswahili ambalo wataalamu wa volkeno wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo: mazuku. Ni mahali pa bondeni ambapo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haionekani na haina harufu. Mbuzi huingia kula majani asitoke, na watu wamekufa humo vile vile, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia.

Mweru hatuna volkeno, lakini mazuku ya kutengenezwa na watu yako kila mahali penye kazi: shimo la takataka za samaki, tangi la kuchachushia, kisima kirefu, ghala la nafaka lililofungwa, sehemu ya chini ya chombo cha majini. Kitu kinachooza hula oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, na wakati mwingine gesi nyingine zilizo mbaya zaidi.

Mita nyingi za oksijeni hupangwa kupiga kengele namba ikishuka chini ya 19.5. Chini ya 16 akili huvurugika na mapigo ya moyo hukimbia. Chini ya 10 mtu huzimia. Chini ya 6 hufa katika dakika chache. Wengi husema: "Mita inasoma 19.9, kengele haijalia, teremka." Hapa ndipo ile tabia ya pili inapookoa maisha: sehemu zote zikijumlishwa lazima zipate 1.

Oksijeni imeshuka kutoka 20.9 hadi 19.9. Imepungua 1 tu. Lakini ikiwa imepungua kwa sababu gesi ya kigeni imeingia na kuisukuma hewa itoke, basi haikusukuma oksijeni peke yake. Imesukuma hewa nzima, na oksijeni ni karibu moja ya tano tu ya hewa. Oksijeni 1 iliyotoka imetoka pamoja na karibu 4 za naitrojeni. Kwa hiyo gesi ya kigeni iliyoingia si 1 katika mia, bali karibu 5 katika mia, yaani sehemu 48,000 katika milioni. Gesi hiyo ikiwa kaboni dioksidi, kiwango kinachohesabiwa duniani kuwa hatari ya papo hapo ni 40,000. Kengele ya oksijeni iko kimya, na mahali pameshavuka hatari.

Shikeni kanuni hii, ndugu: gesi ikisukuma hewa, kila 1 inayopungua katika oksijeni ni 5 za kitu kingine. Msiulize tu oksijeni iko ngapi. Ulizeni, nafasi yake imechukuliwa na nani? Mita ya oksijeni peke yake haitoshi; itakiwe na mita ya gesi inayotarajiwa mahali hapo.

MILIGRAMU NA MILIONI

Gesi za sumu huua zikiwa chache sana, kwa hiyo badala ya "katika mia" hutumika "katika milioni". Kwenye mita huandikwa herufi ppm. Hii nayo ni sehemu ya moli, imezidishwa kwa milioni. Lakini baadhi ya karatasi za maelezo ya kemikali hutoa viwango kwa miligramu katika mita moja ya ujazo, na huo ni uzito. Namba mbili hizi si kitu kimoja.

Chukua gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, itokayo kwenye mashimo ya uozo. Mita nyingi hupangwa kulia kwenye 10 katika milioni. Kwa uzito 10 hiyo ni miligramu 14. Tuseme msimamizi ameishika karatasi iliyoandikwa 14, na mita inasoma 13. Anasema: "Bado moja, ingieni." Kumbe mita inasema 13 katika milioni, na kiwango ni 10. Amelinganisha misumari na kilo. Tena gesi hii ina hila: ikifika 100 hivi, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imekwisha.

Amonia, itumikayo katika mitambo mingi mikubwa ya barafu, ni kinyume. Chembe zake ni nyepesi, kwa hiyo 25 katika milioni ni miligramu 17 tu. Kaboni monoksidi, gesi ya jiko la mkaa na ya kibanda cha kukaushia samaki kisicho na tundu la moshi, chembe yake inakaribia uzito wa hewa, na namba zake mbili hazitofautiani sana. Basi huwezi kukisia. Lazima upige hesabu.

Hesabu yenyewe: chukua namba ya ppm, zidisha kwa uzito wa moli moja wa gesi hiyo, gawanya kwa 24.5. Jibu ni miligramu katika mita moja ya ujazo. Namba 24.5 ni ya usawa wa bahari na joto la nyuzi 25. Mahali pa mwinuko kama wa Nchelenge gawanya kwa 27 hivi. Namba ya ppm yenyewe haibadiliki kwa mwinuko.

ZOEZI

Jaribuni wakati wa mapumziko, kisha mtazame majibu hapa chini.

1. Pipa lina maji gramu 180 na spiriti gramu 46. Moli moja ya spiriti ni gramu 46. Sehemu ya moli ya spiriti ni ngapi?
2. Chumba cha mitambo ya barafu, mahali palipo karibu na usawa wa bahari: mita ya amonia inasoma 30 katika milioni. Ni miligramu ngapi katika mita moja ya ujazo?
3. Kisimani mita ya oksijeni inasoma 20.4, na inadhaniwa kaboni dioksidi inasukuma hewa. Kadiria kiasi chake.

Majibu. La kwanza: maji moli 10, spiriti moli 1, jumla 11, sehemu ya spiriti ni 0.09, ingawa kwa uzito ni 20 katika mia. La pili: 30 mara 17, gawa kwa 24.5, ni karibu 21. La tatu: oksijeni imepungua 0.5, mara tano ni karibu 2.5 katika mia, yaani 25,000 katika milioni. Kiwango cha kawaida cha siku nzima ya kazi ni 5,000. Msiingie.

MWISHO

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi ana haki ya kuelezwa kemikali anazokutana nazo kazini, na kujiondoa mahali anapoamini kwa sababu ya maana kwamba pana hatari kubwa ya papo hapo. Haki hiyo ni nzuri, lakini anayeidai lazima aweze kusoma namba anayoonyeshwa. Kila tawi liwe na watu wawili watatu wanaoijua hesabu hii, na karatasi ya viwango ibandikwe mahali pa kazi ikiwa na vipimo vyote viwili.

Na likitokea la kutokea, mwenzetu akaanguka shimoni, asiruke mtu kumfuata. Mara nyingi katika ajali hizi wanaokufa ni waokoaji. Iteni msaada, pulizeni hewa ndani, mvuteni kwa kamba ikiwa alifungwa kamba, kama ilivyopaswa afungwe. Hewa iliyomwangusha bado imo humo humo.

Kilo ilinde ujira wetu. Idadi ya chembe ilinde pumzi zetu.